Mtoto wa Kubebewa Mimba: Nani Aandikwe Mama?

Kila mtoto anayezaliwa hospitalini nchini Kenya huandikiwa fomu moja ambayo wazazi huiita notifikesheni na sisi wakunga huiita B1. Hujazwa wodini kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na mara nyingi anayeijaza ni muuguzi wa zamu, amesimama, huku kitanda cha pili kinamwita. Inauliza jina la mtoto, tarehe aliyozaliwa, ni wa kiume au wa kike, ni mmoja au pacha, amezaliwa hai au la. Inauliza jina la baba. Halafu inauliza jina la mama, umri wake, kama ameolewa, amezaa mara ngapi, anaishi wapi, anafanya kazi gani. Kipande cha chini hukatwa akapewa mzazi, naye hukipeleka kwa msajili ili apate cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hicho mtoto atasumbuka kuandikishwa shule, pasipoti hataipata, na siku ya kugawana urithi atakuwa na kazi ya kujieleza mbele ya watu wasiotaka kumsikiliza.

Mimi ni mkunga mstaafu wa Mombasa. Nilianza kujaza fomu hizo nikiwa msichana aliyetoka chuoni, na penye jina la mama sikuwa na sababu ya kuuliza. Mama ni huyu aliyelala kitandani. Nimemzalisha mimi, kitovu nimekikata mimi. Sheria nayo inafikiri hivyo hivyo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inaeleza kwamba kuzaliwa ni mtoto kutoka kwa mama yake baada ya wiki ya 28 ya ujauzito. Mtoto ametoka kwa nani? Basi huyo ndiye mama. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyewaza kwamba yai linaweza kuwa la mwanamke mmoja na mimba ikakaa kwa mwingine.

Leo jambo hilo si geni tena, hata hapa kwetu. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006. Mwanamke hudungwa sindano za kukomaza mayai, daktari huyavuna, mayai yakakutanishwa na mbegu za mwanamume maabara, na baada ya siku chache kiinitete hupandikizwa kwenye kizazi. Kizazi hicho si lazima kiwe cha mwenye yai. Mwanamke mwingine akikubali, ataandaliwa kwa dawa, atapandikizwa kiinitete, naye atabeba mimba ya watu wengine mpaka ajifungue. Mtoto hatarithi chochote cha maumbile yake. Macho, rangi, kundi la damu, vyote vinatoka kwa wenye yai na mbegu.

Wapo wanaodhani huu ni mchezo wa matajiri wasiotaka kuharibu maumbo yao. Ningependa wangekuwa nami usiku mmoja leba. Mwanamke amejifungua, kondo limetoka, lakini kizazi kinakataa kukaza. Unakanda tumbo, unamwekea dripu ya oksitosini, unaongeza dawa nyingine, na damu inaendelea kulowesha shuka mpaka inadondoka sakafuni. Daktari anamwingiza chumba cha upasuaji, anafunga mishipa, haisaidii. Mwishowe hana budi kukitoa kizazi chenyewe ili mama abaki hai. Akizinduka, ni wewe unayekaa kando ya kitanda kumweleza. Pengine mtoto wake naye hakunusurika, na mwenyewe bado hajafika miaka 25. Mayai yake yapo, maana ovari hazikuguswa. Kilichoondoka ni mahali pa kuikalisha mimba. Wengine huzaliwa hawana kizazi kabisa, wakaja kugundua wakati wenzao wote wameshavunja ungo na wao hawajaona siku zao. Wanawake hao ndio walionifanya nianze kufuatilia sheria ya kubebewa mimba, nikaisoma kwa hamu kuliko vitabu vyangu vya chuo.

Mwaka 2014 suala la jina la mama lilifika Mahakama Kuu jijini Nairobi. Kesi inajulikana kwa herufi tu, JLN na wenzake dhidi ya Mkurugenzi wa Huduma za Watoto, ili kuwasitiri wahusika. JLN aliwabebea mimba mke na mume, akajifungua pacha. Hospitali ikasita: iandike jina la nani? Ikaomba mwongozo idara ya watoto, na maofisa wa idara wakaamua kwamba wale pacha wanahitaji ulinzi, wakawachukua na kuwapeleka kwenye makao ya watoto. Mwanamke aliyewabeba yupo. Waliotoa yai na mbegu wapo. Wote wanakubaliana, hakuna anayegombea mtoto na mwenzake. Na bado vichanga vile vikaondolewa mikononi mwao kana kwamba vimeokotwa jaani.

Jaji David Majanja aliona hapakuwa na sababu ya kuwachukua watoto wale, na kwamba utu wa wahusika ulivunjwa. Lakini kuhusu fomu alirudi kwenye sheria iliyokuwepo: aliyejifungua ndiye anayeandikwa, na wenye mtoto wafuate njia nyingine za kisheria ili watambuliwe. Kubeba mimba ya mwenzako si kosa, ila hapakuwa na sheria ya kuliongoza jambo hilo, na kazi ya kuitunga ni ya Bunge.

Kwa mtu wa kawaida, hukumu hiyo ina uzito huu. Mbebaji anaondoka hospitalini akiwa mama halali wa mtoto ambaye hakukusudia kumlea. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu azaliwe, na haki ya kutunzwa na mama na baba. Mama anayetajwa hapo, kwa mujibu wa makaratasi, ni yeye. Kama ana mume, mambo yanazidi kukaza, kwa sababu Sheria ya Ushahidi inamhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika, kuwa ni wa mume huyo, isipokuwa ithibitishwe kwamba mke na mume hawakukutana. Mwanamume wa watu, fundi seremala wa Kisauni aliyeridhia mkewe awasaidie wenzake, anajikuta baba wa mtoto asiye wake. Mwenye mbegu ni mgeni. Mwenye yai ni mgeni zaidi, maana hata nafasi ya kuomba aandikwe hana. Mama ni mmoja tu kwenye fomu, na nafasi imeshajazwa. Wenye mtoto wakitalikiana mimba ikiwa ya miezi sita, au wakifariki, anayebaki na mtoto kisheria ni mbebaji. Watu hudhani kwamba sheria ikimwita mbebaji mama, inampendelea. Mimi naona inamtwika mzigo alioambiwa wazi kwamba si wake.

Pengo hilo limezaa njia ya mkato ambayo wakunga wa mjini wanaijua. Mbebaji anaanza kliniki kwa jina la mwenye mtoto. Anakabidhiwa kitambulisho chake na kadi yake ya bima, na kitabu cha mama na mtoto kinaandikwa jina hilo. Uchungu ukimshika, anaingia leba akiitwa jina lisilo lake, na B1 inajazwa kama faili linavyosema. Cheti kinatoka safi, hakuna mahakama wala wakili.

Niliwahi kumwita mama mmoja kwa jina la kwenye faili, nikarudia, nikarudia, naye yuko macho ananitazama asiitike. Faili lilisema hii ni mimba yake ya kwanza. Nilipofunua shuka niliona kovu la upasuaji chini ya kitovu, kovu la zamani lililokwisha kupauka. Nilivuta pazia nikainama sikioni mwake. “Mwanangu, jina lako hasa ni nani?”

“Sista, nimeambiwa nisiseme.”

“Sitaki kukuchongea. Nataka kujua hili tumbo limepasuliwa lini, na mara ngapi.”

Alinieleza. Alikuwa amepasuliwa mara mbili, na mtu wa namna hiyo haachwi asukume kwa nguvu zake kama mzazi wa kwanza, kwa sababu kovu la kizazi linaweza kuachia ndani. Tungemfuatisha faili lile, tungemuua. Tuliita daktari, akapasuliwa, yeye na mtoto wakatoka salama. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema suala la nani mzazi ni la mawakili, namwambia ni la leba vile vile. Jina la uongo huja na historia ya uongo: uzazi uliopita, mzio wa dawa, shinikizo la damu, hata kundi la damu lililopimwa zamani kwa mwenye kadi. Damu hupimwa tena kabla ya kuongezwa, ni kweli, lakini saa nane za usiku, mtu anavuja, watu hushika kilichoandikwa. Na mbebaji akifia pale kitandani, jina litakaloandikwa kwenye fomu ya kifo ni la mwanamke aliye hai, amekaa kwenye benchi nje anangoja mtoto. Watoto wa marehemu wa kweli hawatakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba mama yao amekufa. Isitoshe, kumpa msajili maelezo ya uongo ni kosa la jinai, na hofu ya kosa hilo ndiyo inayowafunga watu midomo mbele ya daktari.

Njia ya halali ni kuasili. Kwa utaratibu wa Kenya mtoto lazima awe ametimiza angalau wiki sita, na itolewe hati kwamba yuko huru kuasiliwa. Anayeomba anatakiwa awe amekaa naye miezi mitatu mfululizo, maofisa wamtembelee nyumbani na kuandika ripoti, na mtoto ateuliwe mtu wa kumtetea mahakamani. Utaratibu huu nauheshimu. Umewekwa kwa ajili ya watoto waliotupwa au waliofiwa, ili wasiishie mikononi mwa walanguzi. Lakini hapa anayeasili ni mwanamke ambaye yai lilikuwa lake, anaomba ruhusa ya kuwa mama wa mtoto aliyefanana naye pua na vidole vya miguu. Hata likizo ya kazini inapungua. Aliyejifungua hupata miezi mitatu, na anayeasili, tangu sheria ya ajira irekebishwe mwaka 2021, hupata mwezi mmoja. Kichanga hakijui tofauti hiyo. Kinaamka usiku vile vile. Kwa wageni wanaokuja Nairobi kutafuta mbebaji mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mwezi Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha raia wa nchi za nje kuasili watoto wa Kenya.

Hapa Pwani kuna jambo jingine ambalo wanaotunga sheria Nairobi hulisahau. Familia nyingi nilizozihudumia ni za Kiislamu, na Uislamu hauruhusu kuasili kwa maana ya kumbadilishia mtoto nasaba. Kilichopo ni kafala, kumlea mtoto akabaki na ukoo wake, nayo imetajwa katika Sheria ya Watoto ya 2022. Sasa mwenye yai na mbegu afanye nini? Akichukua kafala, anakubali kwamba mtoto aliyetokana na maji yake ni wa ukoo mwingine. Kuhusu kubebewa mimba kwenyewe, wanazuoni wengi wa Kisunni wanakataa, na hoja yao mojawapo ni aya ya Suratul Mujadala inayomtambua mama kuwa ni yule aliyezaa. Jopo la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya kimataifa ya Waislamu iliyoko Makka, liliwahi mwaka 1984 kuruhusu mke abebe mimba ya mke mwenzake wa mume mmoja, na mwaka 1985 likaiondoa ruhusa hiyo. Kwa Mashia wapo wanazuoni wakubwa walioruhusu. Mimi si wa kutoa fatwa. Ninachojua ni kwamba watoto wameshazaliwa, wanatembea mitaani mwetu, na kadhi ataletewa kesi za mirathi yao na za nani ni maharimu wa nani. Nasaba isiyoandikwa vizuri ni fitina kwa vizazi vitatu.

Wazee wa bara hawakuwa na maabara, lakini jambo moja walilijua vizuri. Kwa Wanandi, na kwa Wakurya wa Mara wanaoiita nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumtolea mahari mwanamke mwenzake, na watoto atakaowazaa huyo ni wa nyumba ya aliyetoa mahari. Si kubebewa mimba, maana yai ni la mzazi mwenyewe, na wako wanawake walioumizwa na ndoa hizo wakiwa bado wasichana wadogo, jambo ambalo sitalifumbia macho. Lakini suala la nani mwenye mtoto lilimalizwa mbele ya mashahidi kabla mimba haijatungwa. Mwaka 2011, hapa hapa Mombasa, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu aliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi, na aliyeolewa akatambuliwa kuwa wa nyumba ya marehemu.

Katika kesi za nje nilizosoma, inayonigusa zaidi ni ya wauguzi wawili wa California. Crispina Calvert alikuwa ametolewa kizazi, ovari zikabaki. Anna Johnson, muuguzi mwenzake katika hospitali moja, akasikia shida yake na kujitolea kumbebea. Mkataba ulitiwa saini Januari 1990: dola 10,000 na bima ya maisha. Kabla mwaka haujaisha uhusiano ulikuwa umeharibika, Anna analalamika malipo hayaji, akina Calvert wanalalamika hawakuelezwa kwamba aliwahi kuharibikiwa na mimba mara kadhaa. Kila upande ukafungua kesi mtoto akiwa bado tumboni. Mvulana akazaliwa Septemba 1990 mama zake wawili wakiwa na mawakili tayari. Mahakama ya Juu ya California ilitoa uamuzi wake mwaka 1993. Ilikiri kwamba kwa sheria ya jimbo lile wanawake wote wawili wana ushahidi wa umama, mmoja kwa yai na mwingine kwa kuzaa, na hakuna ushahidi unaouzidi mwenzake. Ikauliza basi: nani alikusudia tangu mwanzo kumleta mtoto huyu duniani na kumlea? Crispina akashinda. Jaji Joyce Kennard hakukubaliana na wenzake; alitaka kipimo kiwe maslahi ya mtoto. Nimeyapima maneno yao mara nyingi. Kennard ana moyo wa ukunga, lakini kipimo chake kina tabu moja: maslahi ya mtoto huamuliwa baada ya watu kugombana, na mwenye nyumba kubwa na kazi nzuri huanza akiwa mbele. Nia huweza kuandikwa mapema, wakati watu bado wanapendana.

Jimbo hilo hilo lilipata kesi nyingine iliyoonyesha hatari ya kufuata maumbile peke yake. John na Luanne Buzzanca walipata yai kwa mtu mmoja, mbegu kwa mwingine, na mbebaji wa tatu aliyekuwa na mume. Kabla mtoto Jaycee hajazaliwa mwaka 1995, John akaomba talaka na kusema mtoto si wake. Hakimu wa kwanza alihitimisha kwamba Jaycee hana mzazi yeyote kisheria. Watu sita walihusika na kuja kwake, na hakuna mmoja aliyehesabiwa. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilifuta uamuzi huo na kusema John na Luanne ndio wazazi, kwa kuwa bila uamuzi wao asingekuwepo. John akatakiwa kubeba wajibu wa baba. Sasa California inataka mkataba utiwe saini kabla ya kupandikiza, kila upande ukiwa na wakili wake, na hakimu anaweza kutoa amri ya uzazi mtoto akiwa bado tumboni.

Mipaka ya nchi huongeza fundo. Tarehe 25 Julai 2008, miaka 30 kamili baada ya Louise Brown, mtoto Manji Yamada alizaliwa Anand, India, kwa mbebaji wa Kihindi. Wazazi waliomwagiza, Wajapani, walikuwa wameachana wiki chache kabla. Yai lilikuwa la mtu asiyejulikana. Mke wa zamani hakumtaka, mbebaji hakuwa na wajibu naye, Japani haikumtambua kuwa wake, na India haikumruhusu mwanamume asiye na mke kuasili mtoto wa kike. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyesafiri kwenda kumlea, mpaka mwishoni mwa mwaka huo mtoto alipopatiwa hati ya kusafiria na viza ya huruma.

Nchi ya Kiafrika iliyolifikiria jambo hili kwa kina ni Afrika Kusini, na mimi ningependa Kenya iige kwake. Sura ya 19 ya Sheria yao ya Watoto ya 2005, iliyoanza kutumika Aprili 2010, inataka mkataba wa maandishi uthibitishwe na Mahakama Kuu kabla kiinitete hakijapandikizwa. Jaji anawaona wote mapema. Mbebaji lazima awe ameshawahi kuzaa na ana mtoto wake aliye hai, yaani awe mtu anayejua mimba ni nini. Mumewe lazima aridhie. Malipo ya faida yamekatazwa. Analipwa gharama, mapato aliyopoteza na bima. Ajifunguapo, mtoto ni wa walioagiza tangu pumzi ya kwanza. Kama yai lilikuwa la mbebaji mwenyewe, anapewa siku 60 baada ya kujifungua kubadili nia. Na uamuzi wa kuitoa mimba, kwa sababu zinazoruhusiwa kisheria, unabaki kuwa wa mbebaji. Mwili ni wake.

Kifungu kimoja cha sheria hiyo sikikubali. Kinataka walioagiza, au mmoja wao, watoe yai au mbegu. Mwanamke mmoja asiye na mwenza, ambaye mayai yake hayakufaa, alikipinga, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikakibakiza kwa wingi wa kura. Majaji walioshindwa waliona kinambagua, nami niko upande wao. Nimezalisha wanawake wengi walioachiwa watoto na wanaume wenye mbegu. Maumbile hayajawahi kuwa dhamana ya malezi.

Kenya haijakosa watu wa kulisemea jambo hili bungeni. Millie Odhiambo, mbunge kutoka Homa Bay, amekuwa akileta miswada ya uzazi wa kusaidiwa tangu mwaka 2014, na mswada wake wa 2022 unakataza kufanya biashara ya kubeba mimba. Namshukuru kwa kutochoka. Ningemwomba yeye na wenzake walikazie hili la wakati: mzazi ajulikane kabla ya kiinitete kupandikizwa. Kila saa inayopita mtoto amezaliwa na hajulikani ni wa nani, ni saa ambayo haieleweki wazi nani aridhie akiongezwa damu au akiwekewa mashine ya kupumua.

Wanaonijia nyumbani siku hizi huja kimya kimya, mara nyingi na mama mkwe. Nawaambia haya. Kila upande uwe na wakili wake, na wa mbebaji alipwe na walioagiza lakini amtumikie mbebaji. Mkataba utaje itakuwaje mkitalikiana, mkifariki, mimba ikiwa ya pacha, mtoto akizaliwa na ulemavu. Mume wa mbebaji atie saini akiwa ameelewa, asomewe Kiswahili. Hospitali mtakayojifungulia iambiwe kwa barua mimba ikiwa changa, isishtuke siku ya mwisho. Mbebaji aende kliniki kwa jina lake na kitambulisho chake kuanzia siku ya kwanza, na B1 iandikwe kweli, hata kama kweli hiyo inawauma, kisha wakili afungue maombi mahakamani bila kukawia. Risiti za maabara, ripoti ya upandikizaji na majibu ya DNA vihifadhiwe pamoja na nakala za amri ya mahakama, kwa kuwa shule itaziuliza, uhamiaji utaziuliza, na mtoto mwenyewe atakapokua ana haki ya kuziona.

Halafu msimsahau aliyejifungua. Siku ya tatu maziwa yatamjaa, ayatake asiyatake, na matiti yatamuuma. Ahitaji sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha baridi na dawa ya maumivu, na mtu wa kumjulia hali bila kumuuliza habari za mtoto. Wiki ya sita anatakiwa arudi kliniki kuangaliwa kizazi, shinikizo la damu na kidonda kama alipasuliwa. Gharama ya ziara hiyo iandikwe kwenye mkataba mapema, pamoja na nauli.